Kisu cha Mpini wa Pembe

Juzi nilishuka Lushoto mjini kununua nyama. Nikapita nyuma ya bucha kukwepa matope, na hapo nikakutana na rundo la pembe za ng'ombe limetupwa kando ya mtaro. Zilikuwa zimenyeshewa, kisha jua likazipiga, na nzi wamezifunika hata huoni rangi yake. Nyama sikununua tena, nikachukua kabichi. Nikapanda kwenda kwa mama na kabichi mkononi, njia nzima nikimfikiria baba.

Nikuambie ukweli, mimi ni mtu wa kinyaa. Maziwa yenye utando siyanywi, na nikiona unywele kwenye mboga nimeshashiba. Halafu mtu kama mimi nikazaliwa katika nyumba ya baba aliyependa kutengeneza visu.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Visu havikuwa kazi yake na hakuna aliyemtuma. Jumamosi walimu wenzake walikwenda kupalilia kahawa au kupiga soga dukani, yeye anajifungia kwenye kibanda chake ubavuni mwa zizi. Chuma alikipata kwa wapasua mbao, vipande vya misumeno iliyokatika. Alikichoma kwenye mkaa hadi kikawa chekundu, akakikata kwa tindo, kisha akakaa na tupa kutwa nzima akikikwangua hadi sisi tuliokuwa nje tukaingiwa na ganzi ya meno. Akimaliza anakichoma tena na kukitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya kondoo yaliyochacha. Moshi wake ulikuwa mzito na ulinasa kwenye nywele. Nilikwenda nao Jumapili kanisani, na watoto wenzangu wakanipisha benchi zima.

Lakini mafuta yalikuwa na nafuu. Kilichonitesa ni pembe. Baba alisema mpini wa mti hupasuka ukilowa kila siku, wa pembe haupasuki. Sasa pembe ina mfupa ndani yake, na kati ya mfupa na pembe kuna kinyama kilichoshikilia. Ili vitengane, alizitia pembe kwenye ndoo ya maji, akafunika kwa ubao, akaziacha zioze wiki baada ya wiki. Ukifunua ule ubao machozi yanakutoka. Nilizunguka nyumba nzima ili nisipite pale, na bado harufu ilinifuata kitandani.

Kisu chenyewe kilikuwa cha mama. Vya dukani vilipinda mkononi mwake kila akipasua boga, na baba alimuahidi kimoja ambacho hakitapinda. Mama alikitaka. Ugomvi ulikuwa juu ya ndoo tu, kwa sababu ilikaa kwenye ukuta wa jiko lake. Kila akimwambia aipeleke mbali, baba anajibu kwamba huko mbali mbwa watazichukua.

Mwezi wa saba ikafika zamu yetu ya ibada ya jumuiya. Unaujua mwezi wa saba wa milimani kwetu, ukungu unaingia hadi sebuleni. Wakati huo mgeni hanawishwi kwa maji ya baridi, ni kama kumwambia arudi kwao. Maji yanapashwa motoni, na wanaoyapasha ni wanawake wa jumuiya wanaotangulia kuja kusaidia, kila mmoja akijishikia kazi bila kuuliza. Siku moja kabla baba alikuwa amezitoa pembe ndooni, lakini maji akayaacha. Kwake yalikuwa mbolea ya kabichi.

Jirani yetu, mama mchapakazi aliyekuwa na mafua makali, akaiona ile ndoo imefunikwa vizuri kando ya mlango wa jiko, mahali ambapo kila nyumba kwetu huweka maji ya kunawa. Akayamimina kwenye sufuria na kuyainjika. Jiko lilijaa moshi wa kuni mbichi, pua yake imeziba. Hakuna aliyesikia harufu.

Wageni walipoketi, jirani alianza kumnawisha mwinjilisti. Mimi nilikuwa nyuma yake na taulo. Mwinjilisti alikinga mikono, maji ya moto yakamgusa, akafumba macho kwa raha na kutubariki sote. Kisha akayafumbua. Uvundo wa maji yale yakiwa ya baridi nilikwishaujua; yakiwa ya moto ulipanda hadi darini, mzito na wenye mafuta, kama kuna kitu kimekufa na kinapikwa. Ni mtu mstaarabu. Alikaa tu ameinua mikono mbali na koti lake, vidole vinamchuruzika. Mzee wa kanisa aliyekaa jirani naye ndiye aliyeuliza kwa upole maji yale yametoka wapi. Sikungoja jibu. Nilitapika ndani ya beseni.

Wakanawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, harufu haikutoka. Makande ya mama yalibaki kwenye masufuria. Kwetu mgeni haondoki bila kula, na siku ile waliondoka wote, wakiaga kwa heshima na mikono imefichwa nyuma.

Mama alipanga vyombo mpaka cha mwisho. Kisha akasimama mbele ya baba.

"Mwalimu, hicho kisu kikiingia jikoni kwangu, mimi natoka."

Baba hakubisha. Lakini kisu alikimalizia. Alichoma mkia wa kisu, ule unaoingia kwenye mpini, akauzamisha kwenye pembe ukiwa mwekundu, na kijiji kizima kikapata harufu ya nywele zinazoungua. Kilitoka kizuri, mpini mweusi wenye mstari wa rangi ya maziwa. Alipigilia msumari nje ya mlango wa jiko akakitundika hapo, maana ndani alikatazwa. Mama akawa anapita kama haoni. Miaka ikaenda hivyo. Yeye alipasua maboga kwa visu vya kupinda, na baba kila Jumamosi alikitungua kile kisichotumika, akakinoa, akakirudisha. Hakumuomba hata siku moja. Nilimwonea huruma, na bado sikutaka kukigusa.

Baba alipofariki, wanawake wa jumuiya walikuja kupika msibani. Mmoja akakosa kisu, akanyoosha mkono msumarini. Mama alikuwa ndani, amekalishwa mkekani kama wajane wote. Sijui aliona vipi. Alinyanyuka, akatoka hadi mlangoni, akamtoa yule mwanamke kisu mkononi.

"Hiki ni changu," alisema. "Nilitengenezewa."

Tangu siku ile hana kingine. Kibanda cha baba kimebomolewa, wapasua mbao hawaonekani tena, na sokoni visu ni vya mabati vyenye mipini ya rangi rangi ambavyo havivuki mwaka. Vinanikera hata kuvitazama.

Juzi basi nilipofika na kabichi, mama alinipa kisu chake nikate. Kimekonda kwa kunolewa. Nilimsimulia yale ya nyuma ya bucha, nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniambia kwamba kile kisu, ukikisuuza kwa maji ya moto, harufu ya ile ndoo ilikuwa inarudi kidogo. Alikuwa akikisuuza hivyo kila jioni. Siku hizi hasikii kitu.

Alimimina maji ya moto kwenye bakuli, akakitumbukiza mpini wote, akakitoa na kunishikisha.

"Labda ni pua yangu imezeeka. Hebu nusa wewe, mwanangu. Bado kinanuka?"

Nilikitia puani, mimi niliyekuwa nazunguka nyumba. Nikavuta pumzi hadi mwisho. Kilinukia kabichi tu.

"Kinanuka, mama," nikamwambia. "Kinanuka vibaya sana."