Chembe za Mzee Melchior

Watu wanaolipwa mshahara kwa kukaa kwenye kiti, Jumamosi wanakwenda kujivunja mgongo mtoni kwa hiari yao. Sijawahi kuwaelewa, na sitajifanya nawaelewa leo. Wanapanda na magari yao hadi kwenye vijito vya Cibitoke, wanachota mchanga, wanauosha kwa karai mpaka ubaki ule mweusi mzito, halafu Jumapili wanaushusha hapa mjini, mtaa wa Buyenzi, uani kwa Kudra, huku wanacheka na matope yamewakaukia miguuni. Raha ni yao. Kazi ya kutoa dhahabu ndani ya ule weusi ni ya Kudra.

Mimi nauza spea za magari kwenye duka lililopakana na ua wake, kwa hiyo namwona siku nzima, nitake nisitake. Ni mjane, mtu mzima, mwanawe Anouar alishahamia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na simu zake ni za kubahatisha. Magoti yamemwisha, na kifua nacho kinafuata. Kila anapoinuka kwenye kigoda anasema "Ya Rabi", na mbele ya Mungu nadhani inahesabika kama dua.

Kwanza anaukausha mchanga kwenye bati juu ya makaa. Kisha anapitisha sumaku, niliyomtolea mimi kwenye spika ya gari bovu, naye ameivisha soksi. Mchanga wa chuma unarukia soksi na kunata, akichomoa sumaku unaanguka pembeni. Kinachobaki anakitia kwenye sahani ya maji yenye tone la sabuni, maana dhahabu ya huku ni unga mtupu, inaelea juu ya maji, na bila sabuni inamwagika nayo. Mwisho anakausha tena, anagonga sahani kwa kidole na kupuliza. Hapo hupulizi kama unapoza uji. Unapuliza kidogo kidogo, na ukikohoa tu umemwaga jasho la watu. Siku hizi Kudra anakwenda pembeni kwanza, anakohoa vikohozi vyake vyote, ndipo anarudi kupuliza. Zebaki, ile ya kunasia dhahabu, hataki kuisikia. Ilimtetemesha marehemu mumewe mikono mpaka akawa ananyweshwa chai.

Chembe zinazonasa kwenye kitambaa anachokung'utia sahani ni zake. Ndiyo desturi ya kazi hii, mteja haulizi. Kitambaa kikizeeka anakichoma na kuosha majivu, anapata chochote.

Sasa kati ya wateja hao alikuwepo Mzee Melchior wa Ngagara, mstaafu wa wizara, mpole, shati limechomekwa hata akitoka mtoni. Rénovat wa benki alikuwa anapata kidogo. Annick, mwalimu, anayechota mchanga na glavu mikononi, naye alikuwa anapata. Mzee Melchior hakuwa anapata kitu. Alikuwa na kona yake ya mto aliyoichagua mwenyewe, na hakutaka ushauri wa mtu.

"Iko kitu leo, Mama Anouar?"

"Apana, muzee. Leo apana."

Na uso wake unaanguka. Wiki hii, wiki ijayo, uso ule ule. Kudra aliwahi kuniambia, "Mi ile sura inanichokesha kuliko mchanga." Jumapili moja, mgongo unamuuma na jua linawaka, alichukua chembe kwenye kitambaa chake na kuidondosha kwenye sahani ya mzee. Nilimwona. Akanikata jicho la nyamaza, nami nikanyamaza. Mzee Melchior aliinua ile sahani kwenye mwanga akaiangalia mpaka machozi yakamtoka.

"Unamuharibu yule muzee," nilimwambia alipoondoka.

"Umuache. Ni kachembe tu."

Kachembe kakaleta kengine. Kila Jumapili mzee alipata kidogo, na kila Jumapili aliingia uani kichwa kimenyooka zaidi. Mimi nilikereka, lakini nani anayeniuliza mimi?

Halafu ikaja Jumapili ambayo mzee alifika anang'aa. Alisimama katikati ya ua, mbele ya Rénovat na Annick, akatangaza kwamba amepata mtu wa kununua nyumba yake ya Ngagara na kesho wanatia saini. Atanunua mteremko ulio juu ya kona yake ya mto, atanunua na pampu ya maji. "Muingie pamoja na mi," aliwaambia. "Ile kona haijaninyima hata wiki moja!" Rénovat alishaanza kuuliza bei ya pampu.

Mkono wa Kudra ulisimama juu ya bati. Nilijua anapima nini. Akinyamaza, mzee na mkewe Caritas watalala nje. Akisema mbele ya watu hawa, amejifungia mlango, maana msafishaji anayeweza kutia dhahabu anaweza pia kuitoa. Nilimkonyeza amwite mzee pembeni. Hakunitazama. Nadhani alikuwa amechoka hata kunong'ona.

"Muzee, usiuzishe nyumba. Mu mchanga yako hamuna kitu."

"Na ile yote nilipata?"

"Ni mi nilikuwa natia. Ilitoka mu kitambaa yangu."

Mzee alicheka. "Ni Caritas amekutuma."

"Hakuna mutu amenituma. Kaa uone."

Alikunja mikono ya nguo hadi juu ya viwiko, akakitupa kile kitambaa mapajani mwangu, akageuza viganja ili kila mtu avione. Akausafisha mchanga wa mzee mbele yetu, hatua kwa hatua, bila haraka: moto, sumaku, sabuni, moto tena. Alikwenda pembeni akakohoa. Akarudi akapuliza. Mchanga mweusi uliruka wote, sahani ikabaki nyeupe.

Rénovat ndiye aliyeanza. "Na yangu, mama? Yangu ulikuwa unatoa?"

"Yako sijagusa hata siku moja."

"Nitajuaje?"

Kwa kweli jibu la swali hilo halipo. Rénovat alichukua ndoo yake. Annick alishukuru kwa Kifaransa, merci, bila kuinua macho, akachukua na yake. Nilitaka kuwatukana wote wawili, lakini ningesema nini?

Mzee Melchior alibaki amesimama. "Kwa nini, Mama Anouar?"

"Nilichoka kukuambia apana."

Alitikisa kichwa polepole. "Kazi ni mujomba alinitafutia. Nyumba ni baba aliniachia. Ile dhahabu tu ndiyo nilijua nimeitafuta mi mwenyewe, na mikono yangu." Akatoka nje ya geti na suruali yenye matope, akaacha karai lake pale pale. Iliniuma, na mimi si mtu wa kuumia kwa ajili ya wakubwa wa wizara.

Nyumba haikuuzwa. Kudra alikaa muda mrefu bila mteja, akawa ananiokotea boliti na kuzipanga kwa ukubwa ili mikono isikae bure. Kisha Caritas akaja, amevaa kitenge cha kutokea, akakaribishwa kigoda. Alishukuru kwanza, kwa maneno mengi.

"Umetuokoa, Mama Anouar. Lakini muzee hatoki tena mu nyumba. Jumamosi anashinda mu kitanda, anaangalia ukuta. Mi namuongelesha, hajibu."

Alivua hereni moja ya sikio lake, akaiweka kwenye sahani.

"Ukwangue hii. Mi nitamulazimisha alete mchanga mara moja tu. Umutilie kidogo. Kidogo tu, apate nguvu ya kuamuka."

Kudra aliishika hereni ile, akaigeuza, akaipima kiganjani kama anavyopima kila kitu. Ilikuwa dhahabu nzuri. Alikohoa, akamshika Caritas mkono, akamrudishia.

"Vaa hereni yako, mama. Sasa hata akipata ya kweli, hataamini."