Vichwa Alivyovikata Shangazi

Wajukuu wangu hunisomea habari kwenye simu zao. Juzi wamenisomea kwamba huko Ulaya kuna watu kazi yao ni kutafuta picha za filamu za kutisha za zamani, zile zilizokuwa zikitundikwa kwenye milango ya sinema, na wakizipata wanazishika kwa glavu. Mmoja akaniuliza, "Bibi, si ulituambia na wewe ulikuwa nazo?" Nikamwambia nilikuwa nazo na aniache nile chakula changu. Walicheka. Mie nilikuwa sichekeshi, nilikuwa nimeudhika, na chakula chenyewe sikukimaliza.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na ulikuwa mwaka wa tatu au wa nne tangu Mapinduzi. Tulikaa Mkunazini, katika nyumba ya ghorofa yenye ngazi za kuvunja magoti: baba, bibi mzaa baba, shangazi na mimi. Mama alikufa ningali mchanga, na aliyenilea ni shangazi, dada yake baba, mjane asiyekuwa na mtoto. Alikuwa akishona kofia za mkono, na vidole vyake vilikuwa havipumziki.

Jumapili mchana ilikuwa sinema ya wanawake peke yao. Tuliletewa filamu za Kihindi na za Kimisri, za kulia tu. Mtu kaachwa, mtu kafiwa, mtu kapofuka macho, na sisi tunalia mpaka leso zinarowa. Mie sikutaka kulia, nilitaka kutishwa. Filamu za kutisha zilikuwa za jioni, za wanaume na za wenye waume wa kuwapeleka, na mwari kama mimi alikuwa hana njia. Nikamng'ang'ania shangazi, na shangazi akamng'ang'ania baba, mpaka siku moja akatupeleka. Basi kila jeneza likianza kufunguka, shangazi ananifunika uso kwa buibui lake. Nusu ya filamu ile nimeiona nyeusi tii, yenye harufu ya udi. Nilirudi nyumbani nimenuna, na yeye anajiona kanitendea wema.

Ndipo nilipoanza daftari. Nyumba ya pili yetu alikaa fundi wa mashine ya sinema, na mkewe alikuwa rafiki yangu. Filamu ikishafungwa kurudishwa Dar es Salaam, picha za mlangoni zilibaki zikitupwa, naye mkewe huniletea. Nikizibandika, nikiandika chini yake habari zote nilizozipata: filamu imekuja lini, imeonyeshwa siku ngapi, zimwi lake linauawa kwa kitu gani. Na zaidi ya yote, wakaguzi wa serikali wameikata filamu wapi. Maana walikuwa wakikata bila huruma. Filamu moja, fundi alisema, bwana anaingia nyumba ya watu, mara anatoka, na nyumba nzima inapiga mayowe, na hakuna aliyejua bwana yule kafanya nini humo ndani. Niliiandika habari hiyo kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Darasani tulikuwa wasichana sita wenye maradhi hayo, na daftari langu ndilo lililokuwa gazeti letu. Walikuwa wakija chumbani kwangu kulisoma, tunajifungia, tunatishana mchana kweupe.

Halafu mke wa fundi akaja na habari iliyonivunja moyo: filamu za kutisha haziletwi tena. Nani kazikataza, hakujua. Mumewe kaambiwa tu zisingojewe. Nilikuwa na picha thelathini na moja. Nikaiandika habari hiyo kwa wino mwekundu, nikajua kwamba nilichonacho ndicho hicho, hakitaongezeka.

Haukupita mwezi, bibi akashikwa na kiharusi. Akalazwa chumba kinachofuatana na changu, na kila Ijumaa baada ya sala wakawa wanakuja watu kumsomea Kurani. Baba alikuwa akimpenda mamake mapenzi ya kupita kiasi, na hofu ilimfanya mkali. Alikuwa akijua habari ya daftari siku zote, akilifumbia macho. Sasa akasema malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha za viumbe, seuze za mashetani, na mama yake hatokufa kwa ajili ya upuuzi wa msichana.

Haya yote yalisemwa nikiwa skuli. Niliporudi, nililikuta daftari juu ya kitanda, limefungwa vizuri. Nikalifungua. Picha ya kwanza haina kichwa. Ya pili haina kichwa. Nikapekua mpaka mwisho: mabwana waliovaa majoho, wanawake waliozimia kwenye ngazi, wafu waliofufuka, wote shingo tupu. Na palikatwa vizuri, duara dogo dogo, kwa mkasi wa kofia.

Nikamwendea shangazi uwani.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Keti nikwambie."

"Sikai."

"Babako alikuwa kashashika kiberiti, mwanangu. Nimemwambia, kaka, picha isiyo na kichwa si picha, wanazuoni wamesema, malaika hawaikimbii. Ndiyo akakubali. Mwili upo, nguo zipo, maneno yako sikuyagusa hata moja."

"Filamu ya kutisha bila ya uso itamtisha nani?"

Nikampa maneno ambayo mtoto hampi mzazi wake. Nilimwambia hajui kitu, maisha yake yote ni kufunika na kukata. Alisikiliza, akajikaza kisabuni, kisha akafungua kopo lake la nyuzi. Vichwa vyote vilikuwa mle chini, vimelala.

"Kaniamrisha nikavitupe baharini," alisema. "Nimemwambia nshavitupa. Sikuweza, vilikuwa vinanitazama. Mamangu akipona tutavibandika sote wawili, mie na wewe. Subiri tu."

Ningelikuwa na akili ningelimbusu mkono. Kaka yake alikuwa ndiye anayemlisha na kumvisha, naye shangazi kamwambia uongo kwa ajili yangu. Lakini nilikuwa nimefura, na neno lile la kusubiri ndilo lililonichoma zaidi. Nilikuwa nimeshasubiri Jumapili ngapi? Nikaondoka bila ya kusema ahsante, na kwa siku tano sikumpa hata salamu ya asubuhi. Yeye alinipakulia chakula kama kawaida, na minofu ya samaki akaniwekea mimi.

Siku ya sita alikuwa ndani akimwogesha bibi. Nikafungua kopo, nikachukua kichwa kimoja tu, cha bwana wa jeneza, yule mwenye macho makavu. Nikakoroga unga wa ngano kwa maji ya moto, nikakibandika mahala pake. Nilikitazama muda mrefu, roho ikatulia. Kimoja tu, nilijiambia, nani atakiona.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baba alitoka msikitini na juzuu za kusomea, akataka pa kuziweka, akaja chumbani kwangu. Daftari lilikuwa rafuni. Gundi yangu ilikuwa nyingi na karatasi ilikuwa imevimba, hata alipoliinua likafunguka lenyewe pale pale.

Hakupiga kelele. Alishuka nalo mpaka uwani, na mimi nyuma yake. Shangazi alikuwa mbele ya seredani ya makaa, anachemsha maji ya bibi. Baba akamwonyesha ukurasa.

"Uliniambia umevitupa."

Shangazi akautazama ule ukurasa. Kisha akanitazama mimi, kitambo kidogo tu, wala si kwa lawama. Nadhani alikuwa akingoja niseme. Mie nikainama nikayatazama makaa.

"Kweli, kaka," alisema. "Sikuvitupa."

"Na hiki umekibandika wewe?"

"Ni mimi."

Baba akaipua sufuria, akatia daftari motoni ukurasa mmoja mmoja. Akaliomba kopo, akamimina vichwa na nyuzi pamoja. Wale wasomaji walikuwa wanaanza kupanda ngazi, tukawasikia wakipiga hodi. Nilikuwa nalia, na baba akadhani nalilia picha.

Bibi alikufa Jumanne. Baada ya hitima ya siku ya tatu, wageni walipokwisha kutoka, baba alimwita shangazi sebuleni. Nilikuwa naokota vikombe. Alimwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mama amekufa na malaika wa rehema wako nje. Umewafukuza wewe." Shangazi aliinamisha kichwa. Alibaki nyumba ile miaka minane zaidi, hata akafa, na nduguye hakula tena chakula alichokipika yeye.

Jioni ile ile ya hitima nilimfuata jikoni. Nilimwambia, "Shangazi, nakwenda kumwambia sasa hivi."

Alikuwa anaosha sahani za watu. Hakugeuka.

"Usimwambie," alisema. "Mie nshazoea kukosa. Wewe una baba mmoja tu."

Sikumwambia. Nilishika kitambaa, nikaanza kufuta sahani.