Krismasi ya Mzee Tsongo, kwa Sauti ya Ketura

Wanaosema Ketura alikuwa amelewa Krismasi ile ni waongo, na wengine wao ndio waliolewa. Ketura hajawahi kuonja pombe. Alikuwa amekasirika tu, na hasira ya Ketura ni kitu ambacho watu wa Bwera, mji wa mpakani, wamekuwa wakilipa kiingilio kuja kukisikia tangu alipokuwa msichana.

Hiyo ndiyo kazi yake. Ketura ni vijee: yule anayesimama na maikrofoni ndani ya kibanda cha video, filamu inapita kwa Kiingereza au Kichina, naye anawaeleza watazamaji kinachosemwa, kwa Kiswahili cha mpakani, akichanganya na Lhukonzo, lugha ya nyumbani, pale mambo yanapochacha. Alianza katika kibanda cha Mzee Wahabu, kwenye njia ya kwenda Congo, siku vijee wa kawaida alipokimbilia Kampala akawaacha watu gizani na Wachina wanaopigana bila maelezo. Ketura alikuwa akiuza karanga mlangoni. Akaweka sinia chini, akashika maikrofoni, na kabla filamu haijaisha alikuwa amempa jambazi jina la mume wa jirani yake, watu wakacheka hadi benchi likavunjika. Wanaume walisema mwanamke haiwezi kazi hiyo. Wanaume hao hao walirudi kesho yake na wake zao.

Sasa huyu Ronnie ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, Mama Medius. Anaishi Kasese mjini, upande wa Nyamwamba, anapiga picha za harusi, na ana kofia ambayo haivui hata mezani. Mwaka huu, watu wakilia bei ya sabuni na vijana wakishinda vibarazani bila kazi, Ronnie aliona wanahitaji kitu cha kuwapa moyo. Akatengeneza filamu ya familia yao: Krismasi ya ule mwaka mgumu, vita vikiwa milimani, watu wamelala kambini na unga hakuna. Aliitengeneza kwa Kiingereza ili wazungu nao waielewe. Lakini alitaka ionyeshwe kwanza nyumbani, alasiri ya Krismasi, katika ukumbi wa kanisa, na kwa kuwa wazee hawajui Kiingereza, Ketura aitafsiri.

"Dada, nani mwingine? Wewe ndiye sauti ya Bwera," alisema, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alimwonyesha siku moja kabla, kwenye kompyuta, Ketura akimenya ndizi za sikukuu. Ilianza vizuri. Kulikuwa na hema za kambi, watoto na sufuria tupu, na mama yao amekaa mlangoni analia na kuomba. Kisha akatokea baba. Mpagazi wa mlimani, wa kubebea wazungu mizigo, kifua kipana, anatoka Nyakalengija, chini ya mlima, kwa miguu na mbuzi mabegani, anavuka mto uliofurika, anafika kambini asubuhi ya Krismasi. Kinanda kinalia. Mama anapiga magoti.

Ketura aliweka kisu chini. "Hii alikuambia nani?"

"Baba mwenyewe. Hata alilia akinielezea."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na baba yao, Mzee Tsongo, alikuwa ameyatia mpaka mto ukafurika. Ronnie hakuwa amezaliwa mwaka ule. Ketura alikuwa mtoto wa shule, na anakumbuka. Hakuna mzungu aliyepanda mlima. Nani angepanda na risasi zinalia? Baba alikuwa Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi, nyumbani kwa mwanamke mwingine, amenenepa. Mama aliwaacha watoto kambini kwa bibi yao, akamfuata huko na mimba yake kuomba chochote, akaambiwa hakuna. Basi akaingia ziwani, kwenye vidimbwi vya chumvi vya watu, akawa kibarua, maji makali yakimfika kiunoni, na mume wake akipita barabarani juu kwenda kunywa. Mbuzi alinunuliwa na Mama. Ni Mama aliyemvuta kwa kamba kupitia mbuga ya tembo mpaka Bwera, nyayo zimepasuka. Leo macho yake yamekufa. Daktari anasema ni uzee, Ketura anasema ni ile chumvi, na usijaribu kubishana naye.

"Ronnie, ile mbuzi ni Mama alileta."

"Dada, hii ni filimu tu. Watu wanataka Krismasi ya kufurahisha, hapana mambo ya kugombana. Mzee amezeeka. Muache afurahi."

"Na Mama hajazeeka?"

"Mama haoni, Dada."

Hapo damu ilimchemka Ketura. Haoni! Haoni, kwa hiyo atasikia, na atakachosikia ni binti yake wa kumzaa akimkabidhi Tsongo mbuzi wake, mbele ya kanisa zima, kwa maikrofoni. Na akishasema vijee, mji mzima utaamini, na Mama atazikwa hivyo, mwanamke aliyekaa mlangoni akalia. Alitamani kuivua ile kofia aitie jikoni. Badala yake alisema, "Nitakuja." Ronnie alidhani amekubali.

Ukumbi ulijaa pomoni. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, jenereta ikinguruma nje, watoto wakijikuna ndani ya nguo mpya. Mzee Tsongo aliketi mbele kwenye kiti chenye mto, ndani ya suti ya kijivu aliyonunuliwa na Ronnie, akipokea mikono ya watu kama bwana harusi. Mama Medius, mke wake, alikuwa kwenye benchi la ukutani, na wanawake wengine wazee. Hata kiti hawakumpa! Ketura aliliona hilo, akashika maikrofoni.

Mwanzoni alitafsiri sawasawa. Kambi, sufuria, njaa. Watu wakaguna, wakafuta machozi. Wengi wao walilala kambini humo humo. Kisha mpagazi akatokea na mbuzi wake. Mzee Tsongo akajikohoza, akanyoosha mgongo.

"Munaona huyu mutu?" Ketura akasema. "Munaona ndevu? Musidanganyike na ndevu. Huyu ni mama yangu, Medius."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

"Mucheke, lakini mumuangalie. Hatoke Nyakalengija. Anatoka Kabatoro, kwa chumvi. Mimba iko mbele, mbuzi iko nyuma. Haya maji hapana mto, ni ziwa. Anaingia asubuhi, anatoka ngozi inawaka. Na pale juu, kwa barabara, kuna mwanaume anapita na bibi ya kando. Anamuona muke wake ndani ya maji. Anapita."

Kicheko kilikatika, na kilianza kukatika kwenye benchi la wanawake wazee. Walikuwa wanajua. Wote walijua, miaka yote hiyo, na kila Krismasi walimpa Tsongo mkono na kumwita mzee wa watu. Ketura alipowaona wameinamisha vichwa, hasira ikawafikia na wao.

"Mulijua!" akawapigia kelele. "Mulijua, mukanyamaza!"

Ronnie alikuja mbio akipenya katikati ya magoti ya watu. "Dada, tafadhali! Unaharibu filimu yangu!" Alinyoosha mkono kwenye maikrofoni, Ketura akamsukuma kwa kiwiko, na ile kofia ikaanguka. Kwenye ukuta mpagazi aliendelea kutembea, kinanda kikalia, watoto wakaanza kula.

"Sasa wanakula," Ketura akasema. "Wanakula jasho ya Mama."

"Na muguu?"

Ilikuwa sauti ndogo, kutoka benchi la ukutani. Ketura aligeuka. Mama Medius alikuwa amesimama, mkono mmoja begani mwa jirani yake.

"Sema na muguu," akasema Mama. "Muguu ya mbuzi ilienda wapi."

"Hiyo sijui, Mama." Ni kweli hakujua. Siku ile alikula, akalala mapema.

"Alikuja jioni ya sikukuu. Akakula. Akakata muguu ya nyuma, akafunga kwa majani ya ndizi, akapelekea ile bibi yake ya kando kule Kabatoro. Watoto walikuwa bado na njaa."

"Hatusikii!" wakaita watu wa nyuma. "Mupe mikro!"

Ketura alishuka, akiburuta waya katikati ya mabenchi, na watu wakaunyanyua ili usinase. Alimwekea mama yake maikrofoni mikononi, akamkunja vidole juu yake. Mzee Tsongo alikuwa amekwisha kusimama, anafunga kifungo cha koti, anatafuta mlango.

"Muzime hiyo kitu! Munaniaibisha siku ya Bwana!"

Maisha yake yote Ketura alimsikia mama yake akimwita mume wake Baba Ketura. Alipokuwa na furaha, Baba Ketura. Alipopigwa, Baba Ketura. Jina lenyewe halijawahi kumtoka kinywani. Mama Medius aliinua maikrofoni kwa mikono miwili, akageuza uso kule ilikotoka sauti ya mumewe.

"Tsongo," akasema. "Kaa chini."