Somoe na Mashine Isiyojua Kusubiri

Ukitaka kumjua mtu, mkodishie kitu. Mie Anselmo nakodisha spika, jenereta na viti hapa Tandika, nilianza na spika mbili na mkokoteni wa kuazima, na tabia za watu nimeziona zote. Kuna anayerudisha spika imeungua akaapa kwa mama yake kwamba ilikuja hivyo hivyo. Kuna anayelilia bei mpaka machozi yanatoka, halafu unamkuta ukumbini anamwaga noti. Somoe, mwimbaji wa Mbagala, ndiye mteja pekee aliyenirudishia mzigo akaniambia, "Kaka Anselmo, hii spika ya kushoto inakoroma. Itengeneze kabla hujampa mtu mwingine, atakuja kukusumbua." Nikaifungua. Kweli inakoroma.

Ni mtu wa Kilwa. Alikuja mjini kuimba taarabu kwenye kikundi kikubwa, na kikundi kikafa kama vinavyokufaga vingi: kila mmoja alitaka kuwa kiongozi. Wenzake wakaenda kuwa mama lishe na kuuza khanga. Yeye akatafuta kompyuta iliyotumika, kinanda kidogo na pedali ya mguu, akajifunza programu ya kuzungusha sauti. Anapiga ngoma kidogo, anakanyaga pedali, ile ngoma inaanza kujirudia yenyewe. Juu yake anaweka kinanda, nacho kinajirudia. Kisha anaimba kiitikio mara tatu kwa sauti tatu tofauti, ukifumba macho unasikia wanawake watatu wamekaa nyuma yake. Hapo ndipo anaposhika maiki aimbe yeye.

"Kikundi changu siku hizi hakina fitina," ananiambiaga. "Waitikiaji wote ni mie. Ila kuna mmoja pale katikati bado simwamini."

Kasoro ilikuwa moja. Ile programu inakwenda kwa hesabu. Ubeti ukishazunguka mara zake ulizoipangia, mashine inahamia ubeti unaofuata pamoja na waitikiaji wake, uko tayari hauko tayari. Sasa kwetu mtu akiguswa na ubeti anainuka kutuza. Anakuja polepole, anacheza, mkono na noti juu, kila jicho limwone. Mpaka afike, atuze, arudi akae, ule ubeti ni wake. Kikundi cha watu kinamwona na kinarudia. Mashine haina macho, na Somoe mikono yake miwili iko kwenye kinanda.

Balaa likaja kwenye harusi moja ya Kawe. Shangazi wa bwana harusi alikuwa Bi Samiha, mwenye duka la vitambaa la tangu enzi za babu yake. Ukoo wake ni mkubwa na neno lake linafika kila ukumbi wa pwani ile. Bi Samiha hatembei, anawasili. Somoe alikuwa kwenye ubeti wa kuwasifu wakwe, "Wakwe waja na heshima, wapisheni wapite," na Bi Samiha akainuka, noti juu, anateleza kama meli. Alipofika katikati ya ukumbi peke yake, mashine ikamaliza hesabu yake. Wale Somoe watatu wa nyuma wakapaza sauti:

"Ya kwako yamekushinda, ya watu wayapekua!"

Ukumbi ukalipuka. Na kilichoua kabisa ni kwamba ule ubeti ulimkaa. Bi Samiha kwa kupekua ya watu anafahamika Kawe nzima. Alisimama, akazirudisha noti kwenye mkoba, akageuka. Somoe alipowahi kuizima mashine mama alikuwa keshakaa, uso umefungwa kama duka la msibani.

Wiki hiyo hiyo sherehe mbili zikamfuta. Wenye ya tatu hawakupiga hata simu, nilisikia wamemchukua mtu mwingine. Na mie hesabu zangu ni rahisi: Somoe asipoimba, spika zangu zinalala.

"Sema umeme ulirudi kwa nguvu ukaivuruga mashine," nikamshauri.

"Na harusi ijayo nisemeje? Umeme tena?"

"Basi tafuta kijana wa kukubonyezea."

"Nimewahi kuwa na watu wanane wa kunibonyezea, kaka. Kitengenezwe kilichoharibika."

Waliotengeneza programu wana ukurasa wao mtandaoni. Mtumiaji anaandika anachotaka kiboreshwe, wenzake wanakipigia kura, chenye kura nyingi kinafikiriwa. Somoe akaandika kwa Kiswahili, simu ikamtafsiria. Aliomba pedali ya kusubirisha. Akikanyaga, ubeti uzunguke bila kuhesabu. Akiachia, umalizie mstari wake ndipo uhamie. Kura hazikuja. Mie nikaona hilo ni jambo dogo, nikawashawishi kina mama wote wa kikoba chake cha akiba wajiunge wapige kura. Wenye ukurasa wakaona kundi limeingia kwa mpigo na hakuna hata mmoja mwenye programu, wakazifuta zote.

Somoe akaniangalia. "Hizi spika ulizipataje kwa akili hizi?"

Nikajifanya nakunja waya.

"Hawajakataa," akasema. "Hawajaona. Mtu hawezi kununua asichokiona. Ipo video ya ile harusi, nitawapelekea."

"Peleka basi."

"Yule aliyemo siyo mie. Ni Bi Samiha."

Akatoka kwenda Kawe, na mie nikafuatana naye, maana spika zilizomtukana yule mama zilikuwa zangu. Tukamkuta nyuma ya meza yake ya kukatia vitambaa, mkasi mkononi.

"Shikamoo Bi Samiha."

"Marahaba. Umekuja kumalizia ubeti?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na ruhusa."

"Radhi naijua. Ruhusa ya nini?"

Somoe akamweleza yote: mashine, hesabu, pedali, video. Hakupunguza wala hakuongeza. Bi Samiha akaweka mkasi chini.

"Yaani wamenicheka Kawe, sasa nikachekwe na Ulaya?"

"Maneno hawayajui, mama. Wataona mtu wa heshima anakuja, na mashine haimsubiri. Basi."

"Na wewe mwenye spika umefuata nini?"

"Nimekuja kusikiliza, Bi Samiha."

"Leo umeamua kusikiliza. Siku ile ungesikiliza mapema ungechomoa waya." Kisha akamgeukia Somoe. "Binti yangu Nawal anaolewa mfungo mosi, Ramadhani ikiisha. Waliocheka nitawaalika wote, mmoja mmoja. Wewe utaimba, na mie nitakuja kutuza. Mashine ikinisubiri, umerudi mjini. Isiponisubiri, Somoe, kuanzia Kawe mpaka kwenu Mbagala utaimba bafuni."

Nilimkanyaga Somoe mguu. Biashara gani hiyo? Unaweka rehani riziki yako yote kwa kitu ambacho hakijatengenezwa, na fundi wake humjui sura. Mie ningeomba ruhusa leo, harusi tungeiongelea kitu kikishapatikana. Somoe akauondoa mguu wake chini ya wangu.

"Nimekubali, mama."

Video ikaenda. Mtu mmoja kwenye ule ukurasa akauliza kwa nini yule mama asitembee haraka. Somoe akamjibu: "Kwa sababu ubeti ni wake mpaka akae." Jibu hilo likazaa mengine. Akatokea mpiga kinanda wa kanisani, nchi gani sijui, akasema maharusi wake nao wanagandaga mlangoni na mashine inawakimbia. Akatokea mwingine anayepigia wacheza ngoma. Safari hii zilikuwa kura za watu wenye programu, na hazikufutwa. Baada ya muda watengenezaji wakamwandikia kwamba wamempelekea toleo la majaribio alipime.

Alilijaribu uani kwangu, katikati ya viti. Akakanyaga, ubeti ukasubiri. Nikapiga makofi. Akaachia, mashine ikakata neno katikati, "wapishe—", ikarukia ubeti wa pili, ule ule wa kupekua.

"Imekubali!" nikasema.

"Haijakubali. Nimeomba imalizie mstari."

"Somoe, umepewa bure. Cha bure hakichaguliwi."

"Bi Samiha akikatiwa neno katikati, utamwambia ni ya bure?"

Akairudisha na maelezo, kwa adabu, bila kujikomba. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Mie mteja akinirudishia kitu mara mbili namwona mkorofi; wale wakamshukuru. Ilirudi wiki ya harusi yenyewe, imetimia. Kwenye orodha ya maboresho waliandika mstari mmoja tu, kwamba sehemu ya wimbo sasa inaweza kushikiliwa kwa pedali. Nikautafuta mpaka chini.

"Hata jina lako hawajaweka! Ungedai kitu, dada."

"Nilidai pedali," akasema, akaifunga kwenye kitambaa.

Siku ya Nawal ukumbi ulijaa, na waliocheka walikaa meza za mbele, ndivyo walivyopangwa. Nilikuwa pembeni, mkono kwenye waya kwa tahadhari. Somoe akafika kwenye "Wakwe waja na heshima." Bi Samiha akainuka.

Alikuja polepole kuliko siku ile. Akasimama kumsalimia bibi mmoja, akamuuliza na wajukuu. Akaendelea. Katikati ya ukumbi, pale pale, akasimama, akajipapasa, akarudi mezani kuchukua mkoba aliokuwa ameuacha kwa makusudi. Watu wakaanza kuelewa. Meza za mbele zikasubiri kicheko chao. Ubeti ukazunguka, ukazunguka tena. Mie kutoka pale pembeni naona shavu la mguu wa Somoe linatetemeka juu ya pedali, uso wake umetulia kama anapepeta mchele.

Bi Samiha akafika. Akamtuza noti moja moja, bila haraka, ya mwisho akamwekea kwenye paji la uso. Kisha akageuka arudi. Somoe, kwa kuchoka au kwa kusudi sijui, akaachia mguu. Mashine ikamalizia mstari wake vizuri, ndipo ikahamia, na wale watatu wakaitika:

"Ya kwako yamekushinda, ya watu wayapekua!"

Nikaukamata waya.

Bi Samiha akasimama katikati. Akageukia meza za mbele, akainua mkono, kidole kikapita kwa mmoja mmoja wa waliomcheka, na kiuno kikaanza. Vigelegele vilivyopigwa sijavisikia tena.

Somoe akakanyaga pedali, na ubeti ukasubiri mpaka mama alipokaa.