Jicho la Mama Nyaboke

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, nyumbani kwetu karibu na Ekerenyo, mwaka ule mama yangu alipoanza kuogopa chakula. Alikuwa akila vizuri, hasa siku za sherehe, kisha baada ya saa moja au mbili maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia na kupanda hadi begani. Alijikunja kitandani, akatapika, jasho likamtoka. Kesho yake aliamka akaenda kuchuma majani chai, nasi tukasahau.

Nyanya, mama mzazi wa baba, hakusahau. Alikumbuka kwamba mara mbili mama alipougua, jirani yetu Mama Nyaboke alikuwa ameketi naye kwenye chakula. Kwetu Gusii watu waliamini kuna wenye jicho. Mtu wa namna hiyo huenda hana nia mbaya hata kidogo, lakini akikutazama, punje na vumbi huingia mwilini mwako na kukaa humo. Waliohofiwa kudhurika zaidi ni watoto wachanga. Nyanya alisema mtu mzima naye, akiwa anakula, huwa wazi kama mtoto mchanga.

Mama Nyaboke alikuwa mjane, rafiki wa kufa kuzikana wa mama. Mashamba yao ya chai yalipakana, na walichuma wakiongea tangu umande mpaka jua kali. Alikuwa na macho makubwa, mekundu kidogo kwa moshi wa jikoni, na nadhani hayo ndiyo yaliyomponza.

Nyanya akaamuru mama awe anakula katika chumba cha ndani, mlango umefungwa. Mimi nikapewa kazi ya kumzuia mgeni. Siku moja Mama Nyaboke alikuja na ndizi za kupika. Nikamwambia mama amelala, na huku kijiko cha mama kinasikika kikigonga bakuli. Alinitazama, nami nikaficha uso kwa kuyaogopa macho yake. Akaweka ndizi chini, akaenda zake. Nyanya akawapa ng'ombe ndizi hizo.

Kisha akaanza tiba. Alimkanda mama tumbo kwa samli ili punje zitoke, akampa supu nono na mboga zilizoungwa kwa samli ili apate nguvu. Ilikuwa samli yake mwenyewe, ile aliyowawekea wageni. Maumivu yakazidi. Sasa yalikuja kila wiki, na Mama Nyaboke alikuwa hajakanyaga kwetu mwezi mzima. Niliona hilo, nikanyamaza. Nyanya akasema jicho lake limepata nguvu, sasa linapita ukutani.

Hatimaye baba alimpeleka mama hospitali mjini Kisii. Waliporudi, walisema picha imeonyesha mawe ndani ya kifuko cha nyongo.

Nyanya akatikisa kichwa polepole. “Si nilisema kuna vitu vimeingia?”

Kwa mara ya kwanza nilimwogopea Mama Nyaboke badala ya kumwogopa.

Mama alikuwa amechoka, lakini alijibu kwa upole. “Mama, daktari ameniuliza nilikula nini. Hakuniuliza ni nani aliyeniangalia.”

Akatueleza kwamba mawe hayo hujitengeneza mwilini. Mafuta yakiingia tumboni, kile kifuko hujikamua, na jiwe likiziba njia ndipo mtu huumia. Angepasuliwa, ila mpaka siku hiyo ajiepushe na samli, nyama nono na vya kukaangwa, ale kidogo kidogo bila kujishindisha njaa. Chakula hakingeyayeyusha mawe, daktari alisema. Kingempunguzia maumivu tu.

Nyanya akasema, “Kwa hiyo samli yangu ndiyo…” Hakumaliza. Mama akamshika mkono, akamwambia hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata nyanya hadi kwa Mama Nyaboke. Nilitarajia maneno mengi. Nyanya alisimama uani, akamwambia, “Mgonjwa ameambiwa asile mafuta. Mimi siwezi kupika chakula cha namna hiyo kikalika. Njoo unisaidie.” Hakuomba msamaha zaidi ya hapo. Mama Nyaboke alijifunga leso, akaja.

Kwa majuma kadhaa alipika kwetu: ndizi zilizochemshwa na vitunguu na dania, maharagwe, mboga ya managu kwa maziwa yaliyoenguliwa, ugali wa wimbi, na mara moja moja kuku aliyetolewa ngozi. Nyanya aliona ni chakula cha kufukuza wageni, lakini alikila. Maumivu yalirudi mara moja tu, tena si makali. Mama alipasuliwa, akapona.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Mama Nyaboke kuhusu siku ile nilipomdanganya mlangoni. Alisema, “Kuitwa mwenye jicho nilikuzoea. Kilichoniuma ni kujua mwenzangu anaumwa mle ndani, nami siwezi hata kumchemshia maji.”

Simlaumu sana nyanya. Alimpenda mama, na kwa upendo huohuo alimlisha kilichomuumiza na kumfukuza aliyemfaa. Picha ya hospitali hakuwa nayo. Alikuwa na uso wa jirani tu wa kuuelekezea hofu yake. Lakini mimi niliona kwamba mama anaugua hata jirani asipokuwepo, nikanyamaza na kuita ukimya huo heshima. Sijui mtoto wa miaka kumi angesema nini, au nani angemsikiliza. Ninachojua ni kwamba Mama Nyaboke ndiye aliyeubeba ukimya wangu, na hakuwahi kunikumbusha.