Kifaransa cha Kumfichia Mama

Watu wa Kasulu waliamini nilijifunza Kifaransa kwa ajili ya kazi za mashirika. Niliwaacha waamini hivyo, na wengine mpaka leo wanaamini. Ukweli ni kwamba nilijifunza Kifaransa ili mama yangu asipandishwe kwenye lori.

Mama alikuwa Mrundi. Naliandika hilo bila woga kwa sababu sasa yuko kaburini na hakuna wa kumrudisha kwao. Alivuka mpaka mwaka wa sabini na mbili, mauaji yalipowaka kwao, akiwa msichana wa shule, ameshikwa mkono na shangazi yake. Wakafikia Kagerankanda, wakawa wanalima mashamba ya watu ili wapate mihogo. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, basi hakuchukua muda kusema kama wenyeji. Akaolewa na Muha, akanizaa mimi, akamzika mumewe, na mjini alipohamia akajulikana kuwa mtu wa upande wa Kibondo. Mimi nilijua alikotoka. Nilijua pia kwamba alisomeshwa na masista, na kwamba mambo hayo nyumbani kwetu hayasemwi. Zaidi ya hapo sikuwa najua kitu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu sisi maradhi yenyewe ndiyo yaliyokuja kutuumbua. Mwaka 2012 akili ya mama ilianza kumtoka. Kwanza aliunguza maharage, kisha akaanza kuniita kwa jina la shangazi yake. Nikasema ni uzee. Halafu asubuhi moja mke wa mwenye nyumba wetu, mwanamke wa Tanga mwenye mkono mwepesi wa kugawa, akatuletea maandazi. Mama akasimama wima, akakutanisha mikono mbele kama mwanafunzi, akainamisha kichwa.

"Bonjour, ma sœur. Comment allez-vous?"

Yule mama akabaki na sahani mkononi. "Ati kasemaje?"

"Ni Kifaransa, dada," nikasema, mdomo ukitangulia akili. "Nimeanza kujisomea. Nikisoma kwa sauti, naye kinamwingia."

Sikuwa najua hata neno moja. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alimwita sista na kumuuliza hali.

Asiyekuwa Kasulu wakati ule anaweza kuona nilikuwa naogopa kivuli. Lakini kambi ya Warundi wilayani kwetu ilikuwa inafungwa, malori yanapita yamejaa watu na magodoro, na sokoni kila mwenye mdomo alikuwa anahesabu nani ni nani. Kirundi kisingemsaliti mama, maana kilikuwa kimeshazama ndani ya Kiha chake. Kifaransa ndicho kingemtoa. Mwanamke wa Kiha aliyezeekea kwenye jembe angekitoa wapi?

Ikabidi uongo wangu niutafutie mwalimu. Alikuwepo kijana mmoja kutoka Moshi, serikali imemleta kufundisha sekondari, na jioni alikuwa akiwafundisha Kifaransa watu wazima wenye tamaa ya kazi za kambini. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la mwenye nyumba, basi tukakubaliana nimshonee suruali. Darasani tulikuwa na dereva mmoja, nesi mmoja na wengine waliokuja wakachoka. Mimi nilikuwa wa mwisho. Mwalimu alisema meza ni mwanamke na kitabu ni mwanamume. Nikamuuliza nani aliyewachungulia. Nesi alicheka mpaka akatoka nje. Mwalimu hakucheka, akanipa sentensi za kuandika.

Nilizibeba sentensi hizo hadi barazani, nikawa nazisema kwa nguvu nikikanyaga cherehani. Je suis, tu es, il est. Mimi ni, wewe ni, yeye ni. Bonjour kwa wanaonunua vitenge asubuhi, bonsoir kwa wanaorudi shamba jioni. Wakaniita Mfaransa. "Mfaransa, gauni langu limeisha?" "Mfaransa, punguza kelele, tunasikiliza redio." Sijawahi kuchekwa kwa furaha kama ile. Walivyozidi kunicheka mimi ndivyo walivyozidi kutomsikia mama.

Nyumbani mambo hayakuwa na kicheko. Siku nyingine mama alikuwa haitiki Kiswahili wala Kiha, lakini ukimuuliza kwa Kifaransa anakaa vizuri na kujibu. Mimi sikuwa na maswali mengine ila yale ya somo la kwanza, yale tuliyokuwa tukiulizana darasani kama mchezo. Unaitwa nani? Akanitajia jina ambalo sikuwahi kulisikia, wala hapa silitaji. Unakaa wapi? Akataja kilima. Una kaka?

"J'ai trois frères," akasema. Nina kaka watatu.

Miaka yote niliambiwa kwamba mama alizaliwa peke yake. Nilikasirika, na sioni haya kusema. Nilikuwa na wajomba watatu na hakuna aliyeniambia, na sasa naambiwa kwa lugha ya kuokoteza, nikiwa na kisu na muhogo mkononi. Nikamuuliza wako wapi. Aliutazama mlango wa stoo, kisha akaomba maji.

Mwaka uliofuata ukaja msako wa wahamiaji. Kwetu walifika mchana: afisa aliyeletwa na kazi kutoka mkoa mwingine, mgambo mwenye bunduki na buti, na mwenyekiti wa mtaa, ambaye alikuwa anatazama bati la jirani ili asinitazame mimi. Kuna mtu alikuwa amesema. Sikumjua ni nani. Nilimshuku kila mtu, hata mwenye maandazi, na sikujutia kuwashuku.

Mama alikuwa amekaa ndani karibu na stoo. Wakaingia.

"Shikamoo, mama," afisa akasema. Mama hakuitika. Akanigeukia mimi. "Tumeambiwa bibi huyu anaongea Kifaransa."

"Mimi ndiye ninayesoma, mzee. Yeye anaokota kwangu. Muulize yeyote."

Mwenye nyumba alikuwa ameshafika mlangoni, tasbihi mkononi. "Huyu ndiye Mfaransa wetu, bwana mkubwa. Anatupigia kelele kutwa. Ukimhamisha utakuwa umetusaidia."

Waliokuwa nje wakacheka. Afisa naye akatabasamu kidogo, akavuta kigoda. "Haya. Mwongeleshe tusikie."

"Comment ça va, maman?" nikasema. Hujambo, mama.

Mama hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama buti za mgambo. Akainuka taratibu, akakutanisha mikono yake, akasema polepole, kwa adabu, kama mtoto aliyefundishwa jambo la kusema na anaogopa kulikosea:

"Mes frères ne sont pas ici, monsieur. Il n'y a personne à la maison."

Wiki ile ile mwalimu alikuwa ametufundisha kukanusha. Wangekuja mwezi uliotangulia ningesikia sauti tupu. Siku hiyo nilisikia neno baada ya neno. Kaka zangu hawapo hapa, bwana. Nyumbani hakuna mtu. Kisha mama akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa stoo, akaukinga.

Nikajua wajomba zangu walivyopotea. Nikajua walijificha wapi, na nani alisimamishwa mlangoni kuwajibu askari.

"Anasemaje?" afisa akauliza.

"Anasema hajambo. Anawakaribisha."

"Mbona analia?"

"Macho, mzee. Yanamsumbua siku nyingi."

Akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akasema huyu mama ni mtu wetu, anamfahamu tangu marehemu mumewe akiwa hai. Afisa akasimama, akapangusa suruali. "Mfundishe na kuitikia shikamoo," akasema. Wakaenda nyumba ya pili, na huko walimchukua mtu.

Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru. Lakini mama hakutoka pale mlangoni. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba wameondoka, nikamwambia kwa Kiha, nikamshika bega. Hakunisikia. Alisimama mpaka miguu ikaanza kumtetemeka, na yule mama wa Tanga akaja tukamkalisha kwa nguvu, naye akawa anang'ang'ania kitasa.

Kesho yake nilimfuata mwalimu. Nikamwambia nataka kujua wanavyosema wameondoka, tokeni nje. Akasema bado hatujafika huko, yaliyopita yako mbele sana kitabuni. Nikamwambia nitamshonea suruali mpaka achoke yeye. Akacheka, akaniandikia ubaoni, akanirudisha mara kadhaa mpaka ulimi ukanyooka. Akauliza kama ni ya usaili. Nikasema ndiyo.

Mama alikufa mwaka 2014, kwenye mvua za masika, na msalaba wake una jina ambalo Kasulu wanalijua. Mwaka 2015 kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena, yule nesi alinijia mbio: twende Kibondo, Mfaransa, wanatafuta watu. Dereva alikuwa ameshapata. Sikwenda. Nilimwambia cherehani inanitosha, na Kifaransa changu hakifai kwa kazi.

Kilikuwa cha kazi moja. Tangu siku ile ya msako, kila jioni mama alikuwa akisimama mbele ya stoo na kukataa kula. Ndipo nilipokuwa naufungua mlango, ndani hamna kitu ila unga wa mihogo na vipande vya vitambaa, nami nasema wazi kama nilivyofundishwa: "Ils sont partis. Sortez." Wameondoka, tokeni nje. Mama alikuwa akiinua uso na kutazama mlangoni, macho yakisogea taratibu kutoka kwa mmoja hadi mwingine, mpaka watatu watimie. Nami nilikuwa nikisogea pembeni kuwapisha.