Mwanafunzi wa Mama Lini

Harufu ya majani makavu yanayoungua polepole ndiyo iliyotangulia kuingia nyumbani kwetu Tunduma, kabla hatujamzoea Mama Lini mwenyewe. Yalikuwa majani ya jamii ya pakanga, yamesokotwa kama sigara nene, na moshi wake ulipenya chini ya mlango wa chumba cha uani ukashika mapazia, ukashika sweta zetu za shule, ukashinda hata dizeli ya malori yaliyosubiri kuvuka mpaka. Mama Lini alikuwa Mchina, mke wa fundi wa mitambo ya barabara, na chumba kile alikipanga kwa baba yangu. Jina lake lilikuwa Lin, sisi tukaliongezea irabu, na majirani hawakuchoka kumtania, "Mama Lini, unarudi kwenu lini?" Kwao China alikuwa mwalimu wa tiba za jadi: kuchoma sindano nyembamba, kupasha viungo joto kwa majani yale, kukanda misuli, kuumika kwa vikombe vya kioo. Kukaa bila wanafunzi kulimtesa kuliko baridi yetu, ndipo akaanza kuwafundisha mama yangu na wanawake wenzake wa kwaya, alasiri, kwenye mkeka wa sebuleni. Bibi alipokuja kututembelea kutoka Isansa alivitazama vile vikombe vikivuta ngozi ya mgongo wa mtu, akasema kwa lafudhi yake ya Kinyiha kwamba hata wao waliumika, ila kwa pembe ya ng'ombe.

Kiswahili cha Mama Lini kilitoka kwangu. Nilikuwa darasa la tano, na nikitoka shule niliketi naye kizingitini nikimtajia bega, kiwiko, nyonga, kisigino, naye akirudia kila neno huku akijibonyeza mahali penyewe kwa kidole gumba. Bila mimi asingeweza kumwambia mtu alale kifudifudi. Kwa hiyo nilijua moyoni, ingawa hakuna aliyeniahidi, kwamba siku akitaka mtoto wa kumrithisha ujuzi wake, mtoto huyo nitakuwa mimi.

Kisha akaja Chanda. Mama mdogo, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, alikuwa na mimba iliyomlaza kitandani, hivyo binti yake akaletwa kwetu mpaka mama yake ajifungue. Kwa desturi yetu mtoto wa mama mdogo ni dada, wala si binamu, nami nikaambiwa nimpokee hivyo. Alikuwa mtoto mkimya. Asubuhi alipiga goti na kumwamkia mama yangu "Mwashibukeni," kisha akamwita "Mayo", kama Wabemba wamwitavyo mama mzazi. Mama akaitika. Kule kuitika kwake, kwa sauti ile ile aliyoniitikia mimi, ndiko kulikoanza kunichoma.

Alasiri moja Mama Lini alituketisha sote wawili, akatupatia mikono yake, mmoja huku na mmoja kule, akatuambia tutafute mapigo ya damu. Mimi niliyapata upesi nikatangaza. Chanda alifumba macho, akakaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia, kisha akaomba na mkono niliokuwa nimeushika mimi. Akaupima huo nao. "Huu unakimbia," alisema kwa sauti ndogo. "Ule umechoka." Mama Lini alimtazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Tangu siku hiyo alikuwa akimwita yeye. Mama yangu alicheka akasema, "Chanda chema huvikwa pete," na wanawake wa kwaya wakafurahia jinsi methali ilivyolikuta jina la mtoto. Mimi methali ile niliichukia miaka mingi.

Nilimfuata Mama Lini akianika taulo. "Kwa nini yeye?" nilimuuliza.

"Wewe mwalimu yangu," alijibu. "Yeye mwanafunzi."

Leo najua kwamba alinipa heshima kubwa kuliko aliyompa Chanda. Wakati ule nilisikia mlango ukifungwa, kwa upole lakini ukifungwa.

Kipupwe kilipokolea, asubuhi moja mama alishindwa kunywa uji. Ulichuruzika upande wa kushoto wa mdomo, na jicho la upande huo halikutaka kufumba. Jirani mmoja alinong'ona kwamba amerogwa, mwingine akasema ni upepo mbaya. Baba akampeleka hospitali, wakamwambia ni mshipa wa fahamu wa usoni, wakampa vidonge na kumtaka awe na subira. Mama aliacha kwaya. Aliacha hata kunitazama. Nikiingia alivuta kanga akajifunika shavu. Mama Lini alipoomba kumsaidia kwa sindano, mama alikubali, na kazi ya kukanda akapewa Chanda. Nilisimama mlangoni na beseni la maji moto nikiviona vidole vya mtoto yule vikipanda taratibu kutoka kidevuni kwenda sikioni, na mama, aliyenificha mimi uso wake, amemfunulia yeye wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu husema. Nilitaka apone kwa moyo wangu wote, lakini si kwa mikono ile.

Akapona, kidogo kidogo. Siku jicho lilipofumba, alikuwa jikoni peke yake mbele ya kioo cha baba cha kunyolea, na nilimsikia akiita, "Chanda, njoo uone." Daktari alisema ni vidonge, Mama Lini alisema ni sindano, bibi alisema ni maombi. Sijui mpaka leo. Ninalojua ni jina aliloliita.

Ujenzi wa barabara ulikwisha, Mama Lini akaondoka, na mama mdogo akajifungua salama, Chanda akarudi kwao. Baadaye alikwenda kusoma China, na sasa ana chumba cha tiba Nakonde ambako hufundisha wasichana wa pande zote mbili. Mimi nauza vitenge hapa Tunduma. Mwaka jana nilimpeleka mama kwake kwa ajili ya magoti, mimi na Chanda tukabaki wawili barazani. Nikamwambia, hatimaye, jinsi nilivyomwonea wivu. "Mimi nilikuwa nakanda uso wa mama yako nikiwaza wa mama yangu," alisema. "Wewe ulilala kila siku ukijua wako yuko chumba cha pili. Dada, nilikuchukia kwa hilo."

Nilidhani maneno hayo yangemaliza kila kitu. Likizo hii binti yangu ameomba akakae kwa Chanda ajifunze kukanda, nami nimemruhusu, nikampangia nguo na kumsindikiza mpaka forodhani. Utotoni wivu ulinifanya ninune siku nzima. Siku hizi unanikuta nikitabasamu na kupunga mkono. Mtoto alimwona Chanda, mama yake mdogo, ng'ambo, akakimbia. Hakugeuka. Nilibaki pale nimesimama kati ya malori, mkono ungali juu, mpaka mlinzi akaniuliza kama navuka au sivuki.